Tairi la jeep mjini Goma lisinunuliwe kwa macho

Anayenunua au kukodi jeep mjini Goma huuliza mambo mengi. Huuliza injini ina hali gani, gari linakunywa mafuta kiasi gani, na kama barabara ya Masisi iko wazi wiki hii. Ni wachache wanaoinama kando ya gurudumu na kusoma tairi lilitengenezwa mwaka gani na linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Wengi huangalia meno tu. Meno yakiwa marefu na mpira uking'aa, pesa hulipwa na safari huanza. Tabia hiyo inafaa kuachwa, kwa sababu katika Kivu Kaskazini tairi likipasuka njiani, kinachopotea si muda peke yake.

Barabara inayoshuka kutoka Masisi ndiyo inayoleta Goma mgonjwa ambaye hospitali ya kule juu haiwezi kumtibu. Mama mwenye uchungu uliogoma, au mtoto aliyejeruhiwa, hulazwa nyuma ya Land Cruiser na kupigwa na mashimo kwa saa nyingi. Jeep ikitoboka matairi mawili huku ina tairi moja tu la akiba, safari hiyo imekwisha. Na katika maeneo ambako makundi yenye silaha yako karibu na barabara, kusimama njiani jioni ni hatari inayojulikana na kila dereva.

Kuna pia siku ambazo hakuna aliyezipanga. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa wakati huo, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba wakaaji wa mitaa kadhaa ya Goma waondoke. Umati wa watu ulielekea Sake, Rutshuru na Rwanda, kwa miguu, kwa pikipiki na kwa kila gari lililoweza kutembea. Januari 2025, vita vilipoingia mjini na kundi la M23 kuuteka, uwanja wa ndege ulifungwa, na mizigo iliyokuwa ikija kwa ndege ikabaki kutegemea barabara na ziwa. Siku kama hizo hazimpi mtu nafasi ya kwenda kutafuta tairi sokoni. Mtu huondoka na lile lililo kwenye gari.

Kwa hiyo swali la tairi gani linafaa si la wapenda magari peke yao. Na jibu lake, kwa Goma, linaanzia kwenye ardhi yenyewe.

Gari linalotoka katikati ya mji kwenda Masisi hukutana na aina tatu za njia ndani ya kilomita zisizofika 100. Ya kwanza ni mitaa ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mji ulijengwa upya juu ya jiwe hilo, na mitaa mingi hadi leo ni lava tupu iliyosawazishwa kidogo. Jiwe la lava likivunjika huwa na kingo kali, na kingo hizo hazikati meno ya tairi tu, hukata hasa ubavu, mahali ambapo mpira ni mwembamba zaidi. Njia ya pili ni lami, ile ya kuelekea Sake, au ile laini ya ng'ambo ya mpaka kwa wanaovuka kwenda Gisenyi na Kigali. Ya tatu ni udongo wa milima ya Masisi, ambao mvua ikinyesha hugeuka utelezi na matope mazito, na jua likiwaka hugeuka vumbi na mifereji iliyokauka.

Tairi moja linatakiwa kushinda mitihani hiyo yote mitatu, na kila aina ya tairi imetengenezwa kwa mtihani mmoja zaidi ya mingine.

Tairi la barabara, ambalo mara nyingi huandikwa H/T, limetengenezwa kwa ajili ya lami. Halina kelele, hushika vizuri barabara iliyolowa, na hudumu. Lakini ubavu wake mara nyingi ni mwepesi, na meno yake yaliyobanana hujaa matope mara moja. Tairi la matope, M/T, lina meno makubwa yaliyoachana ili matope yatoke, na ubavu wake huwa mgumu. Hasara yake huonekana kwenye lami: linapiga kelele, linaisha haraka, na mvua ikinyesha breki zake huhitaji nafasi ndefu zaidi, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache. Katikati yake kuna tairi la njia zote, A/T. Halimshindi yeyote nyumbani kwake, lakini halishindwi vibaya popote.

Kwa jeep nyingi za Goma, tairi linalofaa ni hilo la A/T, kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji: liwe lile lililoimarishwa kwa magari ya mizigo. Hilo hutambulika kwa herufi LT kabla au baada ya kipimo, au herufi C mwishoni, au kwa maandishi kama 8PR na 10PR yanayoonyesha nguvu ya tabaka zake. Kuna matairi ya A/T yenye meno ya kutisha ambayo ndani yake ni tairi la gari dogo la familia. Kwa mbali yanafanana na ya kazi, lakini jiwe la kwanza lenye makali huonyesha tofauti.

Tairi la M/T lina wenyewe. Gari ambalo kazi yake ya kila wiki ni kupanda Masisi au kwenda Walikale wakati wa mvua lina haki ya kulivaa. Lakini kijana wa mjini anayelifunga kwenye Prado yake kwa sababu ya sura, kisha akalala na kuamka kwenye lami ya Gisenyi, ananunua kelele na breki mbaya kwa bei ya juu. Vilevile, anayefunga H/T kwa sababu linapunguza mafuta, kisha akapanda Masisi nalo, atalipa akiba hiyo kwa fundi wa kwanza atakayempata njiani.

Madereva wa zamani wa eneo hili wana jibu lao, nalo halipaswi kudharauliwa. Ni tairi jembamba na refu la 7.50R16, lenye mpira wa ndani, ambalo Land Cruiser nyingi za kazi zimelivaa kwa miaka mingi. Wembamba wake hulisaidia kukata utelezi wa juu na kufika kwenye udongo mgumu ulio chini. Ubavu wake ni mgumu, na likitoboka linaweza kuvuliwa kwa vyuma viwili, kuzibwa na kujazwa upepo kijijini bila mashine. Kwa gari linalokwenda mbali na gereji, sifa hiyo ya mwisho inazidi zote. Ila rimu zake za vipande zina hatari yake: pete ya chuma inayozishika ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo, inaweza kuruka na kuua. Fundi anayejaza upepo huku ameinama juu ya rimu kama hiyo anahatarisha maisha yake, na mwenye gari anayemharakisha anashiriki kosa.

Baada ya aina, kinachofuata ni uzito, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kila tairi lina namba ya mzigo baada ya kipimo chake. Katika maandishi 265/70R16 112S, namba 112 inamaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo kamili, na herufi S ni mwendo wa juu kabisa wa kilomita 180 kwa saa. Namba 100 ni kilo 800 tu. Namba 106 ni kilo 950.

Hesabu yake ni rahisi. Jeep iliyojaa abiria, magunia na madumu inaweza kufika kilo 3,200. Mtu atasema matairi manne ya namba 100 yanatosha, kwa kuwa 800 mara nne ni 3,200. Lakini mzigo haukai sawa. Magunia na abiria hukaa nyuma. Ikiwa asilimia 60 ya uzito iko nyuma, matairi mawili ya nyuma yanabeba kilo 1,920, yaani kilo 960 kila moja. Namba 100 imezidiwa vibaya, na hata namba 106 imezidiwa. Tairi lililozidiwa hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na hupasuka, mara nyingi mahali ambapo barabara ni nzuri na dereva ameongeza mwendo. Ndiyo maana ajali ya tairi haitokei lazima kwenye mawe. Mawe hulijeruhi, kisha lami hulimaliza.

Jambo la tatu ni umri. Matairi mengi yanayouzwa katika eneo hili yametumika kwingine kabla ya kufika. Yanasafiri kutoka nchi za mbali, yanashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kisha yanapanda kwa malori. Si yote mabaya. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umekaa ghalani. Unakauka, unapasuka nyufa ndogo, na unaacha kushikana na nyuzi zilizo ndani. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi liangaliwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka mitano, na lisitumike kabisa likifika miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama meno yake bado yapo.

Umri huo hausomwi kwa kutazama. Unasomwa kwenye ubavu, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 3516, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Wakati mwingine tarehe iko upande mmoja tu wa tairi, na likishafungwa upande huo unaweza kuwa ndani. Ni kazi ya kusoma kabla halijafungwa. Muuzaji aliyepaka tairi dawa ya kung'arisha hajalifanya kuwa jipya. Amefanya nyufa zisionekane.

Matairi yaliyotumika Ulaya yana mtego mwingine. Baadhi yake ni ya majira ya baridi, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Meno yake ni mengi na ya kuvutia, na mnunuzi wa Goma huyaona kama ya matope. Lakini mpira wake umetengenezwa laini ili usigande kwenye baridi. Kwenye joto la kawaida la Afrika huisha haraka na breki zake huwa dhaifu. Herufi M+S nazo zisimdanganye mtu. Huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kulingana na umbo la meno, na hazisemi lolote kuhusu nguvu ya ubavu mbele ya jiwe la lava.

Yapo pia matairi yaliyoisha ambayo huchongwa upya kwa kisu ili yaonekane yana meno. Matairi fulani ya malori hutengenezwa kwa kuachiwa mpira wa kutosha kwa kazi hiyo, na huandikwa hivyo ubavuni. Tairi la jeep halina mpira huo. Kulichonga ni kuzikaribia nyuzi, na mara nyingi kuzikata. Hilo ni kuuza ajali, na anayefanya hivyo anajua.

Baada ya kununua vizuri, mtu bado anaweza kuharibu kwa kuchanganya. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma, au vipimo viwili tofauti, huzunguka kwa urefu usio sawa. Kwenye gari kama Prado, ambalo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, tofauti hiyo humalizwa na difu na gia, na gharama ya kuzitengeneza huzidi bei ya matairi. Kwenye Land Cruiser ya kazi, ambayo dereva huingiza magurudumu ya mbele anapotaka, hatari huja pale anaposahau kuyatoa akirudi kwenye lami. Manne yawe sawa, na la tano la akiba liwe sawa na hayo manne. Kwa safari ya Masisi wakati wa mvua, la sita si anasa.

Upepo nao una kanuni zake. Kipimo cha kawaida kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa limepoa. Lakini kipimo hicho ni cha tairi la awali. Anayehamia kwenye LT huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule. Kwenye matope, kupunguza upepo kiasi hufanya tairi litandaze na kushika zaidi. Kwenye mawe, kupunguza sana hutokeza ubavu nje, na ubavu ndio lava inaoutafuta. Na aliyepunguza lazima arudishe kabla ya kukimbia. Bila pampu ndani ya gari, ushauri wa kupunguza upepo haufai kufuatwa.

Kuhusu kuziba, tundu lililo kati ya meno linaweza kuzibwa vizuri, na kiraka cha ndani ni bora kuliko kamba inayoingizwa kwa nje. Tundu la ubavuni halizibwi. Mafundi wa matairi, ambao Wakongo wengi huwaita kwado, wameokoa safari nyingi katika nchi hii, na wanajua hivyo. Wakiziba ubavu, mara nyingi ni kwa sababu mwenye gari amewaomba. Kiraka cha namna hiyo kinaweza kulifikisha gari polepole hadi mahali salama. Hakiwezi kuwa tairi la wiki ijayo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu wenye dola. Ni kweli kwamba matairi manne mapya ni mzigo mkubwa kwa mwenye jeep moja inayolisha familia, hasa katika mji ambao vita vimeuondolea wateja na kipato. Lakini ushauri huu haumlazimishi kununua mapya. Unamtaka asome. Tairi lililotumika miaka mitatu, lenye LT, namba ya mzigo inayotosha na ubavu usio na jeraha, ni bora kuliko jipya la gari dogo, na bora mara nyingi kuliko la miaka kumi na miwili lililopakwa dawa. Kusoma ni bure. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa barabara ya Masisi hujengwa kwa gharama ya watu.

Wengine watasema kosa ni la barabara. Hilo nalo ni kweli. Madereva wa Kivu Kaskazini wametozwa pesa kwenye vizuizi vya kila aina kwa miaka mingi, na mamlaka yoyote inayotoza pesa barabarani ina deni la kuitengeneza. Lakini barabara hiyo haitatengenezwa kabla ya safari ya kesho asubuhi, na abiria wa kesho asubuhi wanastahili tairi linaloifaa kama ilivyo leo.

Kwa hiyo yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri. Wauzaji wa matairi waandike mwaka na namba ya mzigo kwenye kila tairi wanalotandika, kama anavyoandika bei, na wasiouza kwa uficho hawatapoteza kitu. Mashirika ya misaada na makampuni yanayokodi jeep kwa mwezi yaweke matairi kwenye mkataba: aina, umri, namba ya mzigo, na tairi la akiba lililo zima. Yana wataalamu na yana fedha; hayana sababu ya kumpeleka muuguzi Masisi juu ya tairi ambalo hakuna aliyelisoma. Wanaosimamia usafiri wa abiria wakague matairi kwenye maegesho kabla ya safari, mahali ambapo kosa linaweza kurekebishwa, badala ya kungoja kutoza faini njiani. Na dereva akikataa kuondoka kwa sababu ya tairi, asifukuzwe kazi. Yeye ndiye anayeijua barabara, na mara nyingi ndiye asiyekuwa na sauti wakati wa kununua.

Abiria naye ana macho. Kabla ya kupandisha mtoto au mgonjwa, anaweza kuzunguka gari, kutafuta nyufa, uvimbe ubavuni na nyuzi zinazochungulia, na kuuliza la akiba liko wapi. Swali hilo likiulizwa na watu watano kila asubuhi, mwenye gari atalisikia.

Tairi lililochoka halikosi kazi Goma. Mafundi wa chukudu hukata mpira wa matairi makuukuu na kuufunga kwenye magurudumu ya mbao, na chukudu hizo hushusha viazi, kabichi na makaa hadi mjini. Mpira unaotosha chukudu hautoshi jeep iliyobeba watu kumi. Mwenye gari aliye na tairi la namna hiyo alipeleke kwa fundi wa chukudu wiki hii, kabla halijachagua lenyewe mahali pa kuishia.